Dirisha Jembamba na Ngemi Ndefu

Jumanne, 8 Julai

Imeganda tena. Palepale karibu na mwisho. Kishale hakisogei, herufi haziitikii, feni inanguruma kama kinu cha kusagia mahindi. Nimeizima kwa nguvu, nimeiwasha. Masahihisho ya asubuhi yamepotea. Nimeoga maji baridi kwa hasira tu, na baridi ya Meru mwezi huu si ya mchezo.

Niandike mambo yalivyo. Labda nitaona kitu.

Desemba nilimrekodi Cucu, bibi yangu mzaa baba, nyumbani kwake Kiambere. Nyimbo za uzazi, zile ambazo wanawake wa Mbeere waliimba tangu uchungu unaanza hadi mtoto anatolewa nje. Nimeziandika zote kwa Kimbeere katika kihariri kimoja cha bure ambacho hufunga kila mstari kwenye sauti yake. Nikigusa mstari, namsikia Cucu akiuimba. Vihariri vingine nilivyojaribu havifanyi hivyo. Nikihamisha maandishi, nyuzi zote zinakatika.

Mei kompyuta ilianguka kutoka kitini. Nusu ya kulia ya skrini ikawa nyeusi. Sasa nalibana dirisha upande wa kushoto, jembamba. Tangu hapo kihariri kinaganda.

Na Cucu anapasuliwa koo tarehe 29. Rovu. Daktari alisema mshipa unaoendesha sauti umepita karibu sana na uvimbe. Sauti inaweza kubaki, inaweza kubadilika, inaweza kwenda.

Cucu haogopi kisu. Anachotaka ni nyimbo zote zisomwe mbele yake, azipitishe moja moja kabla hajalazwa. Wenzake wa rika wameisha. "Nikitoka huko bila sauti," aliniambia, "nani atawaambia mmekosea?"

Hiyo ndiyo kazi. Nitaimaliza.


Alhamisi, 10 Julai

Saa ya chakula nilipeleka kompyuta kwa Yusuf, mwenye kibanda cha kutengeneza simu nyuma ya steji. Dhana yangu: kuanguka kulilegeza kitu ndani. Aliifungua, akapuliza vumbi, akaipima kumbukumbu, akaipima diski. Wateja wawili waliokuwa wanangoja simu zao wakasogea kutazama kana kwamba kuna maiti.

"Dada, hii imepata kiharusi," Yusuf alisema. "Upande mmoja umekwenda. Lakini akili iko sawa kabisa."

Nikamuuliza skrini mpya.

"Ya hii? Mpaka Nairobi. Ikifika mwezi ujao, shukuru."

Mteja mmoja akasema hiyo ni ya kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Nilicheka nao. Moyoni nilimchukia kila mtu mwenye skrini nzima.

Lakini nimepata kitu. Akili iko sawa. Kwa hiyo si kuanguka. Dhana ya kwanza nimeifuta.


Jumamosi, 12 Julai

Mtaa wa Majimbo. Nimefika Embu asubuhi. Cucu anakaa hapa kwa Tata Wanja, dada mdogo wa baba, tangu alipotolewa Kiambere kuja kutibiwa. Amekonda. Uvimbe umekuwa mkubwa, ameufunika kwa leso na kufunga fundo kwa upande kama msichana anayekwenda harusini.

Tulianza vizuri. Kazi ilivyo ni hivi: nasoma mstari, nagusa, sauti yake inalia, anasikiliza, anaitikia kwa kichwa au anasahihisha. Akisahihisha huimba mwenyewe. Daktari amemkataza. Anaimba.

Wimbo wa mwisho ukaganda.

Nilipowasha tena nilitaka tuendelee tulipoachia. Akakataa. Wimbo wa uzazi haupitishwi nusu. Mtoto hazaliwi nusu, alisema, ukisimama unarudi mwanzo wa njia. Tukarudi mwanzo. Ukaganda. Tukarudi. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa imeshuka hadi kuwa kama karatasi inayokunjwa. Tata akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mama, nyamaza! Na wewe Marigu, hiyo mashine yako inamla mama yangu."

Ni kweli. Kila inapoganda, gharama inalipwa na koo lake. Tulikula ndengu. Cucu peke yake ndiye aliyekuwa na furaha. Alikuwa anaupapasa upande mweusi wa skrini, akauliza kama huko ndani pia kuna nyimbo.

Nimeangalia televisheni ya Tata, kama naweza kuiunganisha iwe skrini. Ni ya zamani, ya mgongo mkubwa. Haina tundu la waya wangu.


Jumatatu, 14 Julai

Jambo limetokea kazini.

Nilimwomba Halima nitumie kompyuta yake asubuhi. Tunakaa meza moja hapa ofisini, tunaingiza rekodi za wakulima wa makadamia. Niliweka kihariri, nikafungua faili. Dirisha zima, skrini nzima. Halikuganda. Nilipita wimbo wa mwisho wote, mara mbili. Nikajiambia basi Yusuf amekosea, ni kompyuta yangu.

Halima akarudi na chai. Alitaka kuona WhatsApp ya shangazi yake wa Maua, akalisukuma dirisha langu pembeni likawa jembamba. Likaganda. Feni ikaanza kunguruma.

"Wallahi sijagusa kitu," alisema, mikono juu.

Nilimkumbatia. Alidhani nimechanganyikiwa.

Kompyuta nzima, mpya, isiyoanguka popote. Dirisha pana linakwenda, dirisha jembamba linaganda. Kwa hiyo si mashine. Ni upana. Skrini yangu haikuharibu kihariri, ilinilazimisha tu kulibana dirisha na kukutana na ugonjwa uliokuwamo siku zote.

Nimemwomba laptopu ya kaka yake. Kaka yake ameenda nayo Isiolo kikazi. Haidhuru. Sasa nataka kujua.


Jumatano, 16 Julai

Naamka mapema, natesti kabla ya kwenda kazini. Kichwa kiko safi asubuhi.

Nilifungua faili ya nyimbo za mavuno. Dirisha jembamba. Haikuganda. Nikalibana hadi upana wa kiganja. Haikuganda. Barua zangu za zamani za chuo: hazikugandisha. Nyimbo za uzazi tu.

Kwa hiyo si upana peke yake. Ni upana na kitu kilichomo katika faili hii.

Nikatengeneza nakala, nikaikata katikati. Nusu ya kwanza inapita. Nusu ya pili inaganda. Nikaikata ile ya pili tena katikati. Nikaendelea hivyo, kama mtu anayetafuta jiwe katika maharagwe: gawa, tikisa, weka pembeni zilizo safi. Hakuna uhodari ndani yake. Ni ukaidi tu, na huo ninao.

Nilichelewa kazini. Msimamizi alinitazama juu ya miwani.

Kitu kingine nimekiona: nikilibana dirisha zaidi, linaganda mapema zaidi, kwenye nyimbo ambazo kwa kawaida zinapita. Kana kwamba kuna mawe mengi ya ukubwa tofauti, na mlango ukiwa mwembamba hata madogo yanakwama.


Alhamisi, 17 Julai

Nimelipata. Mstari mmoja.

Ni ngemi. Vigelegele vya Cucu.

Nakumbuka sasa nilivyoandika. Januari, hapa hapa chumbani, sauti yake masikioni. Maneno yalikuwa rahisi. Ngemi zikanishinda, kwa sababu hazina maneno. Cucu alikuwa ameniambia kule Kiambere: andika mpaka pumzi yangu iishe, usiniache njiani. Nikamtii kama mjinga. Niliandika *ari*, kisha nikakandamiza kidole kwenye i, sauti ikilia, na sikukiondoa hadi aliponyamaza. Kila ngemi ni neno moja refu kama pumzi yake. Hakuna nafasi ndani. Kihariri kinapokunja mstari hutafuta nafasi kati ya maneno, na hapa hakuna pa kukunjia.

Zile za kawaida zinaenea katika nusu skrini yangu. Hii moja haienei. Ni ya mwisho kabisa, kwenye sehemu ya mtoto wa kike. Ni ndefu kuliko zote. Nimeisikiliza mara kadhaa. Haitetemeki mahali popote.

Ni nani mwingine duniani angeandika neno kama hili? Waliotengeneza kihariri hawakumfikiria mtu anayeandika pumzi.

Dawa ni rahisi mno. Nimeingiza nafasi ndani ya kila ngemi, nikazikata vipandevipande. Nimelibana dirisha. Linapita. Linapita lote!

Nimecheka peke yangu kama kichaa. Jumamosi tunamaliza.


Jumamosi, 19 Julai

Hatukumaliza.

Tulifika wimbo wa mwisho bila kuganda. Tata alikuja kukaa nasi, amebeba bakuli la kunde za kuchambua. Nilijivuna. Nilimwonyesha Cucu ngemi kwa kidole, ile ndefu. Hasomi, lakini herufi moja ikijirudia mstari mzima hata asiyesoma anaiona.

"Hii ndiyo ngemi?"

Nikasema ndiyo.

Akainama, pua karibu na kioo. "Mbona ina mapengo kama mdomo wangu?"

Tata alicheka hadi kunde zikamwagika. Mimi sikucheka. Nilimweleza kuhusu dirisha, kukunja, kuganda. Nikasema sauti yenyewe haijaguswa, ni maandishi tu yaliyokatwa. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kama anavyowasikiliza wahubiri wa madhehebu asiyoyafuata.

Kisha akasema hapana. Ngemi ni pumzi moja. Anayepumua katikati anamwambia mtoto arudi alikotoka. "Mtu akisoma hiyo siku nisipokuwepo, atapiga ngemi ya mapengo. Sipitishi."

Nikamwambia ni hii moja tu inayosumbua, nyingine ningeweza kuziacha nzima. Nikamuuliza kwa nini aliivuta hivyo.

Alimtazama Tata. Tata akatazama kunde.

"Hiyo ni yako," Cucu alisema.

Niandike alivyoniambia, nisije nikaanza kuipamba. Idadi ya ngemi ina sheria. Za mvulana ni nyingi, za msichana zinapungua. Wanaume hukaa nje wakihesabu, ndivyo wanavyojua nani amekuja kabla hawajaambiwa. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nimepewa jina la Cucu. Baba alikuwa nje na wazee, akingoja zifike zile za mvulana. "Ningezidisha moja ningekuwa mwongo. Sikuzidisha. Nilipofika ya mwisho nikaivuta. Idadi wanaihesabu. Pumzi nani anaihesabu?"

"Kaka alidhani umezimia," Tata akasema.

"Alikuja mbio mpaka mlangoni! Nikamfukuza."

Walicheka wote wawili, Cucu ameshika fundo la leso. Desemba aliimba "kama siku ile", na mimi sikuuliza ni siku ipi. Nilikuwa nahangaikia betri ya kinasa sauti.


Jumapili, 20 Julai

Nimerudi Meru. Nina hasira na sijui niielekeze kwa nani.

Kwanza na ile idadi. Nimekuwa mtu mzima nikijua kwamba nilihesabiwa pungufu, lakini kujua kwa jumla si sawa na kujua kwamba baba yako alikaa kwenye kigoda akihesabu na hesabu ikaishia kabla ya pale alipotaka. Hajawahi kunitendea vibaya. Hajawahi pia kuniambia nilikaribishwa. Nilidhani hakuna aliyenikaribisha. Nikasoma kwa bidii ili niwe mgeni asiyesumbua.

Kumbe nilikaribishwa kwa pumzi nzima ya mtu, nami nimekwenda kuikata kwa sababu ya kompyuta mbovu.

Nimefuta nakala yenye mapengo. Sitaikata. Sasa kihariri ndicho kitakachobadilika.


Jumatatu, 21 Julai

Hospitalini wamesema tarehe haijabadilika. Atalazwa Jumatatu ijayo. Tuna Jumamosi moja.

Nimewaandikia watengenezaji wa kihariri. Ni watu wa kujitolea, wametawanyika. Mmoja alijibu upesi, kwa adabu: asante kwa maelezo mazuri, tutalitazama katika toleo lijalo. Hakusema lini. Simlaumu. Hana Cucu.

Halima alinipa wazo. Kuna nafasi isiyoonekana, unaichomeka ndani ya neno na jicho haliioni, ila programu inajua inaweza kukata hapo. Nimeijaribu. Inafanya kazi. Kwenye skrini ngemi inaonekana nzima. Cucu asingejua kamwe.

Mimi ningejua. Ningekuwa nimekata pumzi na kuficha kisu. Nimeiondoa.

Halima aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ndiyo. "Wewe ni mgumu kama mkate wa juzi," alisema, kisha akaniachia kompyuta yake wakati wa chakula.


Jumanne, 22 Julai

Kihariri hiki kiko wazi. Yeyote anaweza kusoma maagizo yanayokiendesha. Chuoni nilisoma takwimu. Programu tulifundishwa muhula mmoja, na nilipita kwa kukariri. Leo nimesoma maagizo hayo kama mtu anayesoma lugha ya jirani. Naelewa salamu, naelewa matusi, katikati nakisia.

Sehemu ya kukunja mistari nimeipata. Nimeisoma kwa sauti. Halima akidhani nasali akapunguza redio.

Inafanya hivi. Inakwenda hadi ukingo wa dirisha. Inaanza kurudi nyuma herufi moja moja ikitafuta nafasi. Ikiipata, inakunja hapo, inaendelea chini. Isipoipata, inarudi hadi mwanzo wa mstari. Hapo haiambiwi la kufanya. Kwa hiyo inaanza upya: hadi ukingoni, kurudi, kutafuta. Hadi ukingoni. Kurudi. Kutafuta.

Haijaganda. Haijawahi kuganda. Inatafuta.

Ndiyo maana feni inanguruma. Kitu kilichokufa hakitoi joto. Siku zote hizo nikiitukana, ilikuwa inafanya kazi kuliko mimi, ikitafuta pengo mahali ambapo pengo halikuwekwa.

Nimejisikia vibaya kidogo. Ujinga, kuionea huruma programu. Lakini nimejisikia hivyo.


Alhamisi, 24 Julai

Nimeongeza agizo. Maana yake ni hii: ukirudi hadi mwanzo na hukupata nafasi, acha kutafuta, upitishe mstari mzima ulivyo.

Kompyuta imekataa kuyapokea maagizo. Nilikuwa nimesahau mabano. Nimeyaweka. Imeyapokea, na kihariri kimefunguka. Nimelibana dirisha. Kimeganda, feni ileile, joto lilelile chini ya viganja.

Nimelia. Si sana. Nimekunywa maji.

Tata amepiga simu kusema Cucu anakohoa na hali chakula kigumu. Anataka kujua kama "ile mashine" imekubali. Nimemwambia inakaribia. Sijui kama ni kweli.


Ijumaa, 25 Julai

Imekubali.

Kosa lilikuwa langu, na la aibu. Kulikuwa na nakala mbili za maagizo katika kompyuta. Moja ndiyo niliyoirekebisha, nyingine ndiyo inayoendeshwa. Jana nzima nilikuwa nafua nguo ambayo siivai. Nimeliona asubuhi wakati napiga mswaki. Nikakimbilia kompyuta na povu mdomoni.

Nimefungua faili yenye ngemi nzima. Nimelibana dirisha hadi nusu. Inapita. Hadi robo. Inapita. Hadi upana wa vidole. Maneno ya kawaida yanakunjwa vizuri, yanashuka chini kama ngazi. Ngemi haikunjwi. Inakwenda moja kwa moja hadi ukingo wa dirisha, na ukingo huo uko pale weusi unapoanzia, kwa hiyo inaonekana imeingia gizani bila kusimama. Najua haiendi kokote. Kioo ndicho kinachoishiwa. Kwenye faili ni nzima, herufi baada ya herufi, hadi mwisho wa pumzi.

Feni kimya.

Nimewatumia watengenezaji agizo langu. Kisha nimekwenda kazini nikaingiza rekodi za makadamia siku nzima kama mtu ambaye hana habari yoyote.


Jumamosi, 26 Julai

Majimbo. Tumesoma zote.

Tulikaa sebuleni, mapazia yamefungwa ili skrini ionekane. Tata alikuwa na amri moja: Cucu asiimbe, aonyeshe kwa mkono. Kiganja juu, sawa. Kiganja chini, kosa. Alitii kwa nyimbo za mwanzo. Kisha penye wimbo wa kumbembeleza mama mwenye uchungu nilikuwa nimekosea neno, na kiganja hakikutosha. Akaimba. Tata akapiga meza.

"Mama! Utaacha lini kututawala?"

"Nikishapasuliwa," Cucu akasema. "Subiri Jumanne ufurahi."

Wimbo wa mwisho nikauanza. Ngemi za mvulana zikapita. Ngemi za msichana zikaanza. Ile ndefu ikapita, sauti na maandishi pamoja, na hakuna kilichosimama.

Cucu aliinama, pua kwenye kioo, akatafuta mapengo. Hakuyaona. Akafuatisha mstari hadi unapoingia kwenye weusi.

"Imekwenda wapi?"

Nikamweleza kwamba upande huo umekufa lakini maandishi yapo, nikipata skrini nzima ataiona yote. Akafikiri.

"Basi ni kama siku ile. Wao walikuwa nje. Hawakuona inapoishia."

Akainua kiganja. Ikawa imepita. Nimeandika neno hilo na kuliangalia muda mrefu. Nilitarajia furaha kubwa. Kilichonijia ni usingizi. Nimelala kwenye kochi la Tata mchana kweupe, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze.


Jumatatu, 28 Julai

Amelazwa. Nimeomba ruhusa kazini, msimamizi amenipa bila maswali. Cucu alitaka kuvaa leso yake wodini, muuguzi akakataa, wakabishana, Cucu akashindwa. Aliniambia nimshikie. Nimeifunga shingoni mwangu, fundo kwa upande.

Sina kitu cha kurekebisha leo. Mikono haijui ikae wapi.


Jumanne, 29 Julai

Ametoka salama. Uvimbe wote umeondolewa. Amefungua macho, amenitambua. Alipotaka kusema, midomo ilisogea tu. Upepo.

Daktari amesema tungoje. Huenda ni wiki, huenda ni miezi, huenda ikabaki hivyo. Tata amekwenda kusimama dirishani. Mimi nimebaki na Cucu, nimemshika mkono, nimemwambia asiseme chochote, hakuna kilichobaki cha kusahihishwa. Akanikunjia uso. Nadhani alitaka kusema kwamba daima kuna cha kusahihishwa.


Jumapili, 10 Agosti

Majimbo. Mvua nyembamba tangu asubuhi. Tata yuko kanisani.

Cucu amekaa kwenye mwanga mdogo uliopo, karibu na mlango. Kovu limeanza kukauka. Sauti bado ni upepo. Anaongea nasi kwa mikono na kwa macho, na anagombana na Tata vilevile.

Watengenezaji wamejibu. Agizo langu limekubaliwa, litaingia katika toleo lijalo. Nilimwambia Cucu. Alifikiri nimemwambia kuhusu kazi ya ofisini, akaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Kisha akaashiria kompyuta. Nikaifungua, nikaiweka mezani mbele yake. Akaashiria chini, chini zaidi, hadi mwisho. Nikajua anataka ipi. Nikagusa mstari.

Sauti yake ya Desemba ikajaa chumbani. Cucu aliweka kidole mwanzo wa ngemi na kukisogeza polepole pamoja nayo, juu ya herufi, hadi ukingoni zinapopotea. Hakukiondoa. Akaendelea juu ya kioo cheusi, taratibu, kwa mwendo uleule. Kioo kikaisha. Kidole kikapita fremu, kikashuka mezani, kikaendelea juu ya kitambaa cha meza, na sauti ilikuwa bado haijapumua.